Mtoto akishaigundua cherehani: mwongozo kwa mwenye mashine nyumbani

Alhamisi moja nilikuwa na doti nane za khanga za kupinda, za sendofu ya Jumamosi. Nikaketi, nikakanyaga, gurudumu likazunguka vizuri kabisa, sindano ikanitazama tu. Haipandi, haishuki. Nikatoa bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, nikapuliza vumbi, nikatia mafuta, nikakanyaga tena. Wapi. Ijumaa asubuhi nikang'oa kichwa cha cherehani mezani, nikakipakata kwenye bodaboda kutoka Mabatini hadi mjini Mwanza kwa fundi wa mashine, zaidi ya kilo kumi za chuma mapajani. Mzee wa watu akakitazama, akashika nati kubwa inayong'aa katikati ya gurudumu la mkono, akaikaza kwa vidole. Basi. Sindano ikaanza kucheza. Hakunitoza hata shilingi, ila alicheka mpaka akavua miwani.

Jioni yake mtoto wa mdogo wangu, wakati huo ana miaka mitano, akanisogelea taratibu. "Mama mkubwa, imepona? Mimi ndiye niliifungua ile ya kung'aa. Nilitaka kuona inaficha nini."

Nilikuwa nimemfukuza kwenye ile mashine mara zisizo na hesabu. Mtoto anayefukuzwa harudi ukiwepo; hurudi ukienda dukani kununua chumvi. Na akiwa peke yake hajui kipi kinauma na kipi hakiumi, kwa hiyo anashika vyote. Tangu siku ile nilibadili utaratibu: ninaondoa sindano, mtoto namwacha abaki. Haya yafuatayo ndiyo niliyoyafanya kwake, na baadaye kwa watoto wa majirani waliokuja kuchungulia mlangoni.

Kwanza, jifunze kuilaza mashine

Cherehani nyingi za nyumbani huku kwetu ni zile nyeusi za miguu, Butterfly au Singer iliyorithiwa kwa bibi. Watu huogopa sindano peke yake. Sindano inauma kweli, lakini chini ya meza kuna gurudumu kubwa la chuma lenye spoku, na kuna fimbo inayoliunganisha na pedeli. Mtoto mmoja akikanyaga huku mwenzake ameingiza vidole kwenye spoku, hilo si jeraha la kufunga kitambaa. Tena kichwa chenyewe kimekaa juu ya bawaba mbili kwa nyuma ili fundi akiinue kukitia mafuta. Mtoto akigundua kwamba kinainuka, atakiinua.

Kwa hiyo kila unapoondoka kwenye kiti, hata kama unakwenda kugeuza sato jikoni, fanya hivi:

1. Zungusha gurudumu la mkono hadi sindano ifike juu kabisa. Legeza skrubu yake, itoe, iweke kwenye kichupa chenye mfuniko wa kuzungusha. Kichupa kikae juu, si kwenye droo ya mashine. Droo ndiyo anayoanza nayo.

2. Chukua utepe wa kitambaa, upitishe kwenye spoku za gurudumu kubwa, ufunge kwenye fremu ya chuma. Gurudumu halizunguki, pedeli haikanyagiki. Nimeona watu wakitoa tu mkanda unaounganisha gurudumu la chini na la mkono, wakidhani wamemaliza kazi. Mkanda ukitoka, kichwa kinatulia, lakini pedeli na gurudumu la chini vinazunguka vilevile, tena kwa wepesi zaidi.

3. Shika kichwa, jaribu kukiinua kidogo. Kama kinacheza kwenye bawaba, kaza skrubu mbili zinazokishikilia kwa nyuma. Na usikiache kimeinama hata dakika moja.

4. Mkasi, pini na wembe wa kufumulia viende pamoja na kichupa cha sindano. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu ongeza vifungo na bobini. Vyote vinaingia kooni.

5. Kama unaoshea mashine kwa mafuta ya taa, yasikae kwenye chupa ya soda. Mtoto akiyanywa usimtapishe, maana yakipanda tena yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mpeleke hospitali.

Mashine ya umeme ni rahisi zaidi kuilaza na rahisi zaidi kusahau. Ichomoe ukutani, kisha zungushia waya wake kwenye mashine na kanyagio lake uliweke juu. Umeme ukikatika ukiwa katikati ya kazi, ichomoe hapohapo. LUKU ikiisha, mtoto anakwenda kukanyagakanyaga kwa kuwa haiendi, mkono wake uko palepale chini ya sindano, halafu mtu anaingiza tokeni.

Za viwandani, zile zenye mota kubwa chini ya meza, sifundishii mtoto mdogo kabisa. Zinapiga maelfu ya mishono kwa dakika.

Somo la kwanza: mikono na macho

Hili hata wa miaka minne analiweza. Sindano imetoka, uzi umetoka, utepe bado umefunga gurudumu la chini, mkanda umetolewa. Mweke kwenye kiti, wewe simama nyuma yake. Mwambie azungushe gurudumu la mkono kuelekea kwake, polepole, akuambie vitu gani vinatembea.

Mwache ahesabu mwenyewe. Ataona fimbo ya sindano ikipanda na kushuka. Ataona mkono mdogo wenye tundu unaovuta uzi. Atafikia meno yanayochomoza kwenye bamba, yanakwenda nyuma, yanazama, yanarudi. Washa tochi ya simu, fungua kibamba cha pembeni, aone ndoano ikiyumba huku na huku chini. Wangu alikaa hapo karibu saa nzima. Sijawahi kumwona ametulia hivyo hata mbele ya televisheni.

Kisha mwekee sindano mbili kwenye kiganja chako, ya mkono na ya mashine, aseme tofauti. Tundu! Ya mkono ina tundu kwa nyuma, ya mashine ina tundu kwenye ncha. Atakuuliza kwa nini, na usipokuwa na jibu atakwenda kulitafuta mwenyewe kwa bisibisi. Jibu ni hili: sindano ya mkono inapita yote upande wa pili ikiburuta uzi nyuma yake. Ya mashine haipiti. Inashusha kitanzi cha uzi tu, ndoano inakidaka kile kitanzi, inakizungusha kuipita bobini, na uzi wa chini unabaki umenaswa ndani. Mtoto aliyewahi kusimama ufukweni akamtazama mvuvi akiziba nyavu anaelewa mara moja, maana yule naye anapitisha kijiti chake ndani ya kitanzi na kukaza. Mmarekani Elias Howe alipata hataza ya mashine yenye sindano ya namna hiyo mwaka 1846, na Isaac Singer akafuata na yake mwaka 1851.

Sheria moja tu kwenye somo hili: gurudumu huja kwako, halirudi nyuma. Ukiizoesha mikono yake sasa, utaokoa nyuzi nyingi baadaye.

Somo la pili: miguu, na neno "simama"

Sasa rudisha mkanda, fungua utepe. Sindano bado iko kwenye kichupa, bobini imetoka pamoja na kikopo chake, na ule mguu wa chuma unaobana kitambaa umeinuliwa. Watoto wengine wote watoke karibu na meza. Avue ndala, maana ndala inateleza na kuingia chini ya pedeli.

Mguu mmoja utangulie mbele kidogo ya mwingine. Mkono wa kulia uanzishe gurudumu kwa kulivuta kwake, ndipo miguu ifuate: kisigino, vidole, kisigino, vidole. Mwanzo wote hukwama. Gurudumu linakwenda nusu, linarudi nyuma, mtoto anakasirika. Mwache akasirike. Nyumba zetu nyingi zimepandishwa mlimani juu ya mawe na sakafu yake haina usawa, kwa hiyo angalia meza isiwe inacheza. Kipande cha ndala kilichokunjwa chini ya mguu mmoja wa meza kinatosha.

Akishapata mwendo, anza mchezo. Wewe unasema "simama", yeye analaza kiganja juu ya ukingo wa gurudumu la mkono na kutuliza miguu. Mara kumi, mara ishirini, mwite akiwa anaongea, mwite akiwa anacheka. Hiki ndicho kipimo changu cha umri. Watu huuliza mtoto aanze na miaka mingapi, mimi natazama vitu viwili: miguu inafika bila yeye kuning'inia, na neno "simama" linamsimamisha. Yupo wa miaka sita anayesimama, na yupo wa kumi anayekanyaga mizunguko mitatu zaidi kwa ubishi. Huyo wa kumi hapati sindano.

Malizia kwa kumpa kipande cha kitenge bila sindano. Ashushe mguu wa chuma, akanyage, asikie meno yakivuta kitambaa yenyewe. Viganja vilale bapa kushoto na kulia. Kazi yake ni kuongoza tu. Akivuta, baadaye sindano itapinda, igonge bamba na kuvunjika.

Somo la tatu: daladala ya karatasi

Hapa ndipo sindano inaingia, bila uzi. Tumia ya zamani, kwa sababu karatasi inaichosha na hutaitaka tena kwenye nguo. Bandika vipande viwili vya plasta ya rangi kwenye bamba, kila kimoja vidole vitatu vyako kutoka kwenye mguu wa chuma. Huo ndio mpaka wa mikono yake.

Chora barabara kwenye karatasi ya daftari. Wangu nilimchorea njia ya daladala: Buhongwa, Mkolani, Nyegezi, Mkuyuni, Igogo, mjini. Kila kituo doa la kalamu nyekundu. Sindano ifuate mstari, kwenye doa isimame. Akipitiliza kituo, abiria amepitishwa, aanze tena kutoka Buhongwa. Kwenye kona afundishwe jambo ambalo hata wakubwa hukosea: sindano ibaki chini ndani ya karatasi, mguu wa chuma uinuliwe, karatasi igeuzwe, mguu ushushwe, safari iendelee. Akigeuza sindano ikiwa juu, barabara inahama.

Siku ya kwanza nilikaa naye bega kwa bega, mkono wangu juu ya gurudumu. Siku ya nne alifika mjini bila kupitisha abiria hata mmoja, akataka turudi Buhongwa na karatasi ya pili.

Sindano ikiingia kidoleni

Hata mafundi inatupata. Usivute mkono. Mshike mtoto atulie, zungusha gurudumu la mkono polepole hadi sindano ipande yenyewe. Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, bana kwa kitambaa safi hadi damu ikome. Sasa tazama ile sindano: ni nzima? Kama ncha imekatika na huioni mezani wala kwenye kitambaa, chukulia imo kidoleni. Usiichokoe kwa pini nyingine. Hospitalini watapiga picha ya eksirei. Nenda pia kama imegusa mfupa, imepita kwenye kucha, au kidole kinavimba na kupiga siku inayofuata. Beba kadi ya kliniki. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 zina kinga ya pepopunda ndani yake, na wao ndio watakaosema kama anahitaji nyongeza.

Sindano au pini iliyomezwa haisubiri, na haisukumwi kwa tonge la ugali. Ni hospitali moja kwa moja.

Somo la nne: uzi, na kimfuko cha gololi

Weka sindano mpya. Namba 14 inafaa khanga na kitenge, 16 kwa jinzi. Upande wenye mfereji mrefu ndio uzi unakoingilia, upande uliobapa unatazamana nao. Mguu wa chuma uwe juu wakati wa kutunga uzi, kwa sababu ukiwa chini visahani vya tensheni, vile vinavyokaza uzi wa juu, vimebana na uzi unakaa nje yake. Mwache mtoto apitishe uzi mwenyewe tundu baada ya tundu. Macho yake ni mazuri kuliko yako.

Kata kipande cha kitenge cha sentimita 20 kwa 40. Pinda zile ncha mbili fupi sentimita tatu, ashone kila moja mstari mmoja ulionyooka. Hizo ni njia za kamba. Kunja kipande katikati, mazuri yatazamane ndani, ashone pande mbili kuanzia chini ya njia ya kamba hadi kwenye mkunjo. Mwanzoni ashike ncha za nyuzi zote mbili kwa nyuma ili zisivutwe chini. Ageuze, apitishe kamba, atie gololi. Kitakuwa kimepinda. Usikifumue kumrekebishia. Wangu alikwenda nacho shule kimeegemea upande kama mtumbwi uliopakiwa vibaya, na akarudi na oda tatu.

Umekuta ameshaichokoa

Hili ndilo wengi watakuwa wamelijia. Kabla ya kuifunga kwenye bodaboda kama mimi, mwulize mtoto kwanza, kwa sauti ya kawaida, alishika nini. Ukianza kwa ukali atasema hakushika kitu, na utazunguka siku nzima.

Gurudumu linazunguka, sindano imetulia: nati ya kung'aa. Imewekwa ilegezwe wakati wa kujaza bobini. Kaza.

Kitambaa hakisogei: kishikizo cha urefu wa mshono kimesukumwa katikati, kwenye sifuri. Kishushe.

Chini ya kitambaa kuna vitanzi kama nywele za mdoli: usikimbilie bobini. Vitanzi vya chini huletwa na uzi wa juu, ama haukukaa kwenye visahani, ama nati ya tensheni imelegezwa, ama mguu wa chuma ulikuwa juu wakati wa kushona. Toa uzi wote, tunga upya mguu ukiwa juu, kisha kaza nati kidogokidogo ukijaribia kwenye kipande cha kitambaa kilekile.

Uzi unakatika kila ukianza: gurudumu linarudi nyuma, au sindano ameirudisha kinyume.

Mashine imekaza kabisa, haiendi mbele wala nyuma: kuna uzi umelala kwenye njia ya ndoano. Piga picha kwa simu. Kama gurudumu linakubali kidogo, lisukume huku na huku hadi sindano ipande. Itoe, toa kikopo cha bobini, sukuma nje vile vishikio viwili, ondoa pete, toa ndoano. Vuta nyuzi kwa kibano, pangusa, tone moja la mafuta ya cherehani, rudisha kama picha inavyoonyesha. Mafuta ya kupikia usiyaguse. Yanakauka yakawa gundi, na safari hiyo kosa litakuwa lako.

Tensheni imesambaa sakafuni: pole. Tandika kitambaa cheupe, pitisha sumaku ya spika mbovu ya redio kwenye mikeka na chini ya kabati. Visahani viwili hukaa migongo yao iliyobinuka ikitazamana, uzi unapita kati yao, halafu pete ya washa, springi, na nati mwisho. Kama kimepotea kiskrubu cha kikopo cha bobini, usihangaike, kikopo kizima kinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya cherehani.

Ikikushinda, peleka kwa fundi, na mtoto umchukue. Safari yetu ya pili mjini tulikwenda wawili, kichwa cha mashine katikati yetu kwenye bajaji. Mzee alimkabidhi mfuniko wa kopo la kahawa: "Shika hapa, kila skrubu ninayotoa unaipanga kwa zamu yake." Alizipanga kumi na moja. Wakati wa kurudisha mzee akakosea moja, na mtoto akamwambia, "Babu, hiyo si zamu yake."

Mzee akaitazama, akairudisha kwenye mfuniko.